Rangi Juu ya Metali: Ndege za Umoja wa Mataifa katika Vita vya Katanga, 1961–1963

Utangulizi

Miongoni mwa kazi za mikono ambazo wanafunzi huzipenda sana ni kuunda vielelezo vya ndege. Mjini Kigali, kama ilivyo Bujumbura, Mwanza au Lubumbashi, mtoto asiye na fedha za kununua kielelezo cha dukani huchukua kopo tupu la mafuta, akalikata, akalikunja, akaliunga kwa waya, na ndege ikapatikana. Ndege hiyo hung'aa, maana ni bati tupu. Mwenye uwezo zaidi hununua vipande vya plastiki vilivyotengenezwa ng'ambo, akavishikanisha kwa gundi, akavipiga msasa na kuvipaka rangi ya fedha ili vifanane na metali. Wote wawili, mwenye kopo na mwenye plastiki, hufika mbele ya swali moja: je, ndege hii ya kivita iachwe iking'ae, au ipakwe juu yake rangi za mabaka kama zile za sare za askari?

Swali hilo laweza kuonekana kuwa la mchezo tu, lisilostahili nafasi katika jarida la walimu. Nia ya makala haya ni kuonyesha kuwa ni swali la historia. Liko tukio moja, lililotokea karibu nasi katika nchi ya Kongo kati ya mwaka 1961 na 1963, ambapo ndege za kweli zilifika ziking'aa, kisha zikapakwa mabaka zikiwa kazini. Ndege hizo zilikuwa za Umoja wa Mataifa. Watu walioishi chini ya njia zao katika Katanga ni wasemaji wa Kiswahili, na jambo zilizolibeba, yaani ahadi ya kulinda watu kwa niaba ya dunia nzima, lilikuja kuigusa Kigali yenyewe kwa uchungu mkubwa miaka 30 na ushei baadaye.

Maneno tutakayoyatumia

Kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha, yafaa tuanze na maneno. Kiswahili hakina haja ya kukopa neno ili kueleza rangi za kufichia. Baka ni doa pana katika ngozi au nguo, na wingi wake ni mabaka. Wananchi walipoziona sare za askari zenye madoa ya kijani, ya udongo na meusi, wakaziita sare za mabaka, na neno likakaa. Uzuri wa neno hilo ni kwamba laeleza namna kazi ifanyikavyo. Chui hafichwi na rangi moja inayofanana na majani. Hufichwa na madoa yake, ambayo huvunjavunja umbo lake hata jicho lisijue kichwa kinaishia wapi na kichaka kinaanzia wapi. Hiyo ndiyo kanuni iliyofuatwa na wachoraji wa Kifaransa waliokusanywa na jeshi lao mwaka 1915, chini ya mchoraji Guirand de Scévola, ili waifiche mizinga na mahandaki kwa brashi na turubai.

Kanuni hiyo yaweza kufundishwa Rwanda kwa kulinganisha na sanaa ya imigongo, iliyotokea upande wa mashariki ya nchi. Katika imigongo, fundi hufinyanga migongo ya samadi ya ng'ombe juu ya ubao au ukuta, kisha huipaka nyeusi, nyeupe na nyekundu kwa pembe zilizo sawasawa, ili jicho livutwe na litulie hapo. Fundi wa mabaka hutumia vitu vile vile, rangi na mipaka ya rangi, kwa kusudi lililo kinyume: jicho lipite bila kusimama.

Neno la pili ni pipa. Ndege tutakazozisimulia ziliundwa Uswidi na kampuni ya Saab, nazo ziliitwa na Waswidi wenyewe Tunnan, maana yake pipa, kwa sababu ya tumbo lao nene na fupi. Msomaji atatabasamu akikumbuka kuwa vijana wa mijini Tanzania husema "kupanda pipa" wakikusudia kusafiri kwa ndege. Lugha mbili zisizojuana zimefikia tashbihi moja.

Kwa nini ndege ziliachwa bila rangi

Ndege za mwanzo ziliundwa kwa miti na vitambaa, na kitambaa hakina budi kupakwa dawa na rangi kisioze wala kulegea. Mambo yalibadilika ilipopatikana duralumini, metali aliyoigundua Mjerumani Alfred Wilm mwaka 1906 kwa kuchanganya alumini na shaba kidogo, yapata asilimia 4. Metali hiyo ni nyepesi, ni ngumu, na yaweza kustahimili hewa kwa muda bila kuvikwa kitu. Hivyo kwa mara ya kwanza muundaji wa ndege akawa na hiari: kupaka au kutopaka.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939, karibu kila jeshi lilichagua kupaka. Ndege iliyoegeshwa uwanjani ikiwa metali tupu huakisi jua, na rubani wa adui huiona toka mbali. Lakini kuanzia mwaka 1944 viwanda vya Marekani viliacha kupaka ndege nyingi za kivita. Rangi ina uzito. Juu ya ndege kubwa hufikia makumi ya kilo, nayo huongeza ukinzani wa hewa na kuchelewesha kazi kiwandani. Zaidi ya hayo, ndege za adui zilikuwa zimepungua, na hofu ya kuvamiwa viwanjani ilikuwa imepungua pia. Asiyeogopa kuonwa hana sababu ya kujificha.

Basi mng'ao wa metali haukuwa dalili ya amani. Ndege iliyoangusha bomu la atomiki juu ya Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, iliyoitwa Enola Gay, ilikuwa metali tupu inayong'aa; na sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika bomu hilo ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga. Mwalimu aonye wanafunzi wake mapema kwamba rangi ya ndege haisemi lolote ikisomwa peke yake. Sharti tujue ni nani aliyeipaka, mwaka gani, na kwa kumhofu nani.

Waswidi nao walikuwa na desturi yao. Nchi yao haikuwa imepigana vita tangu mwaka 1814. Ndege aina ya J 29, lile pipa, iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 1 Septemba 1948, na jumla ya ndege 661 za aina hiyo ziliundwa. Huko kwao, nyingi za zile za kupigana ziliachwa metali tupu, ilhali zile za upelelezi, zilizobeba kamera badala ya mizinga, zilipakwa rangi za kujificha. Mpiganaji aliyekuwa hana vita aliweza kung'aa, na mpelelezi alijificha hata wakati wa amani.

Katanga na ndege moja

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye askari wake waliasi, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza mjini Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kwamba Katanga imejitenga. Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 143 tarehe 14 Julai, na majeshi ya Umoja wa Mataifa yakaanza kuingia. Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliuawa huko Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mwezi wa Februari Baraza liliruhusu nguvu zitumike, ikiwa hakuna njia nyingine, ili kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Jeshi hilo la kimataifa lilikuwa na ndege za kuchukua watu na mizigo, lakini halikuwa na ndege hata moja ya kupigana. Katanga ilikuwa nazo. Mwezi huo huo wa Februari 1961 ilikuwa imepokea ndege tatu za Fouga Magister, zilizoundwa Ufaransa kwa ajili ya mafunzo ya marubani. Ilipofika Septemba ni moja tu iliyokuwa ikiruka. Moja hiyo ilitosha. Tarehe 13 Septemba mapigano yalipozuka, kikosi cha askari wa Ayalandi wapatao 155 kilizingirwa Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Fouga ile iliwashambulia kwa risasi na mabomu, nao hawakuwa na cha kuijibu. Hapakuwa na aliyeuawa kati yao, lakini risasi na maji vilikwisha, na tarehe 17 Septemba wakajisalimisha.

Usiku wa siku hiyo Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld, mzaliwa wa Uswidi, alikuwa safarini kwenda Ndola kuonana na Tshombe. Ndege yake ilisafiri gizani na kwa njia ya mzunguko, kwa kuihofu ile Fouga moja. Ilianguka karibu na Ndola usiku wa kuamkia tarehe 18, na Katibu Mkuu akafa pamoja na wenzake. Uchunguzi wa ajali hiyo ulifunguliwa upya miongo mingi baadaye, na tangu mwaka 2015 ulisimamiwa na Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania.

Kwa upande wa Rwanda, tarehe hizo zina jirani yake. Wiki moja baada ya kifo hicho, tarehe 25 Septemba 1961, Wanyarwanda walipiga kura ya Kamarampaka chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa. Nchi ilikuwa bado chini ya udhamini wa Ubelgiji, na Kigali ilikuwa mji mdogo wa mlimani. Kwa hiyo wazee wetu waliujua Umoja wa Mataifa kwa sura mbili wakati mmoja: sanduku la kura nyumbani, na bunduki kwa jirani.

Mapipa yanawasili

Baada ya msiba wa Ndola, Umoja wa Mataifa uliomba ndege za kupigana kutoka nchi tatu. Ethiopia ilileta Sabre 4. India ilileta Canberra 6 za kutupa mabomu. Uswidi ilileta J 29 tano, zilizofika Léopoldville mapema mwezi wa Oktoba 1961, kisha zikahamia Luluabourg, ambao leo ni Kananga, na baadaye Kamina katika Katanga yenyewe. Kikosi chake kiliitwa F 22, na kamanda wake alikuwa Sven Lampell.

Mapipa hayo yalifika yakiwa metali tupu. Alama za taji tatu za Uswidi ziliondolewa, na mahali pake pakaandikwa herufi za Umoja wa Mataifa kwa Kifaransa, ONU. Kila pipa lilikuwa na mizinga minne ya milimita 20, na laweza kwenda mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa. Fouga haikuweza kushindana nalo.

Tuitazame sura hiyo kwa makini, maana ndiyo sura ya kwanza ambayo mwenye kielelezo atapaswa kuichagua au kuiacha. Ndege inayong'aa, yenye herufi kubwa ubavuni, yatangaza jina lake kwa mtu yeyote aliye na macho. Ni kana kwamba yasema: mimi si wa Tshombe, wala si wa Léopoldville, nimetumwa na wote. Magari ya Umoja wa Mataifa yalipakwa nyeupe kwa sababu iyo hiyo. Nguvu ya mpatanishi imo katika kuonekana kwake, na askari mwenye kofia ya buluu akijificha kichakani, nani atamjua kuwa ni mpatanishi?

Lakini mapipa hayakuletwa kusuluhisha. Mapigano yalipoanza tena tarehe 5 Desemba 1961, ndege za Umoja wa Mataifa ziliushambulia uwanja wa Kolwezi na kuziharibu ndege za Katanga zilizokuwa chini. Zilipiga pia magari, reli na ngome. Malalamiko yalitolewa kwamba majengo ya raia yalipigwa, hospitali zikiwamo, na mjadala juu ya jambo hilo ukawa mkali Ulaya na Marekani. Kwa mara ya kwanza chombo kilichoandikwa jina la dunia nzima kilikuwa kimetupa moto kutoka angani.

Mabaka yanapakwa

Ndege iliyofanya kazi hiyo haikuweza tena kudai kuwa ni shahidi tu. Imepata adui, na mwenye adui huhitaji kivuli. Katika uwanda mpana wa Kamina metali iliyoachwa wazi juani huonekana toka mbali, na Katanga haikukaa kimya: katika mwaka 1962 ilijitafutia ndege nyingine, na mamluki wa kuzirusha. Yale mapipa yaliyofika yaking'aa yakapakwa mabaka yenye rangi ya kijani juu ya metali yao, yakiwa huko huko Kongo. Herufi za ONU hazikufutwa. Hapo ndipo penye kitendawili chote: ubavu uliendelea kutamka jina, na mgongo ukaanza kuficha mwili.

Mwisho wa mwaka 1962 Uswidi iliongeza mapipa mengine, yakiwamo mawili ya upelelezi aina ya S 29C. Wakati huo India ilikuwa imeziondoa Canberra zake kwa sababu ya vita vyake na China, na Sabre za Ethiopia zilikuwa zimeondoka pia. Mzigo wote wa angani ukawaangukia Waswidi. Wapelelezi walipiga picha za viwanja vya Katanga, na mapigano ya mwisho yalipoanza tarehe 28 Desemba, J 29 zilikwenda Kolwezi kesho yake na kuharibu ndege nyingi kabla hazijaruka. Katikati ya Januari 1963 Tshombe alitangaza kwamba kujitenga kumekwisha, na tarehe 21 Januari askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia Kolwezi. Hakuna J 29 hata moja iliyoangushwa vitani. Kazi ilipokwisha, baadhi ya mapipa hayo yaliharibiwa huko huko kambini kwa makusudi, kwani gharama ya kuyarudisha Uswidi ilizidi thamani yake.

Kongo haikuwa peke yake katika badiliko hilo. Mwaka 1965 Marekani ilianza kuzipaka mabaka ndege zake zilizokuwa zikipigana Vietnam, ambazo nyingi zilikuwa za metali tupu au za kijivu. Popote vita vinapokaribia ardhi, mng'ao hutoweka.

Kazi ya fundi wa vielelezo

Sasa tumrudie kijana wetu na ndege yake. Akiiacha ikiwa metali tupu na kuiandika ONU, ameunda Oktoba 1961. Akiipaka mabaka na kuiandika ONU, ameunda siku za Kamina. Hakuna jibu moja lililo sahihi, lakini kila jibu lina mwaka wake. Kijana anayechanganya, kwa mfano akazipaka mabaka ndege zilizokuwa zikishuka Léopoldville siku ya kwanza, amesema uongo kwa brashi, hata kama mikono yake ni mahiri.

Iko njia ya tatu, nayo ndiyo mafundi hodari huifuata. Rangi iliyopakwa juu ya metali laini bila rangi ya msingi haishiki sana. Upepo, vumbi na mvua huibandua, kwanza kwenye ncha za mbele za mabawa, kisha mahali wanapokanyaga mafundi, na kandokando ya vifuniko vinavyofunguliwa kila siku. Kwa hiyo fundi hodari hapaki mabaka kwanza na kuchora mikwaruzo ya fedha juu yake. Huanza na metali. Huipiga msasa mpaka iwe laini, akaipaka rangi ya fedha kwa uangalifu kana kwamba ndiyo itakayoonekana, akaiacha ikauke. Baadaye hupitisha mafuta ya nta au punje za chumvi yenye maji mahali panapotarajiwa kubanduka, akapulizia mabaka juu yake, na mwishowe akasugua taratibu. Rangi ya juu huachia pale ilipokuwa dhaifu, na metali ya chini huchungulia. Mtoto mwenye ndege ya kopo amependelewa katika jambo hili, kwa kuwa metali yake ni ya kweli. Akipaka rangi na kuichezea mwezi mmoja, ataona kwa macho yake mahali rangi inapotangulia kutoka.

Faida ya somo hilo ni kubwa kuliko ile ya ufundi. Mwanafunzi hujifunza kwamba tabaka la juu halifuti la chini, na kwamba atakaye kueleza mwisho wa jambo sharti aujue mwanzo wake. Aidha hujifunza kuuliza swali ambalo mwanahistoria huuliza mbele ya kila waraka: hii imeandikwa juu ya nini?

Katanga ilimpata mtu aliyeijua kazi hiyo ya rangi vizuri sana. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947, alichora katika miaka ya 1973 na 1974 mfululizo wa picha zipatazo 100 juu ya historia ya nchi yake, kujitenga kwa Katanga na kifo cha Lumumba vikiwamo, na akamweleza mtaalamu Johannes Fabian maana ya kila picha kwa Kiswahili cha Katanga. Mazungumzo hayo yalichapishwa mwaka 1996. Tshibumba alijiita mwanahistoria, na sisi walimu wa Kiswahili hatuna sababu ya kumnyima cheo hicho. Aliziona rangi kuwa njia ya kusema yaliyotokea, na lugha aliyoitumia kuzifasiri ni hii hii tunayoifundisha.

Kigali: rangi nyeupe na kuta zilizoachwa

Tusingeweza kuyaandika haya kwa wasomaji wa Kigali tukaishia Kolwezi. Mwezi wa Oktoba 1993 Baraza la Usalama lilianzisha jeshi jingine la Umoja wa Mataifa, safari hii kwa ajili ya Rwanda, lenye askari wapatao 2,500. Magari yake yalipakwa nyeupe. Watu wa Kigali waliyaona kila siku barabarani, na wakaisoma rangi hiyo kama ilivyokusudiwa isomwe: hapa pana ulinzi.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza mwezi wa Aprili 1994, watu wapatao 2,000 walikimbilia shule ya ufundi ya ETO huko Kicukiro kwa sababu askari wa kofia za buluu walikuwa wamepiga kambi hapo. Tarehe 11 Aprili askari hao waliamriwa kuondoka. Magari meupe yakatoka langoni, wauaji wakaingia, na wengi wa waliokuwamo wakapelekwa hadi kilima cha Nyanza na kuuawa. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama, kwa azimio namba 912, likaamua kwamba jeshi hilo lipunguzwe mpaka watu 270.

Tukiziweka Kamina na Kicukiro pamoja tunaona pande mbili za jambo moja. Mwaka 1962 Umoja wa Mataifa ulificha rangi yake ili upigane, na ukalaumiwa kwa nguvu ulizozitumia. Mwaka 1994 rangi yake ilionekana na watu wote, lakini nguvu hazikuwapo nyuma yake. Rangi ni ahadi, na mwenye kuipaka anawajibika kwa wale watakaoiamini. Waliokimbilia Kicukiro hawakukosea kuisoma rangi nyeupe. Waliowaacha ndio waliobatilisha maana yake.

Kigali imetoa jibu lake kwa swali la kupaka na kutopaka, na jibu hilo liko mahali ambapo kila mwalimu aweza kuwapeleka wanafunzi wake. Katika Camp Kigali, mahali walipouawa askari 10 wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa tarehe 7 Aprili 1994, kuta zenye matundu ya risasi zimehifadhiwa jinsi zilivyo. Jengo la Bunge huko Kimihurura nalo limeachiwa kwa makusudi makovu ya risasi na mizinga katika kuta zake za nje. Lipu na ndoo chache za rangi zingeyafunika yote hayo kwa siku kadhaa, na mpita njia asingejua. Waliokataa kupaka walifanya kazi ya mwanahistoria.

Hitimisho

Tumeona kwamba ndege zilizoletwa Kongo mwaka 1961 zilikuwa na sura mbili, na kwamba sura ya pili ilipakwa juu ya ya kwanza bila kuiondoa. Tumeona pia kuwa mng'ao hauna maana moja: ulikuwa kiburi cha mwenye nguvu mwaka 1945, desturi ya nchi isiyo na vita huko Uswidi, na tangazo la upatanishi katika siku za mwanzo za Léopoldville.

Ni vyema walimu wenzetu walijaribu somo hili darasani. Gharama yake ni kopo tupu, waya, kipande cha msasa na rangi kidogo. Wanafunzi waunde ndege moja kwa kila kundi, wachague mwaka wake, kisha wasimame mbele ya wenzao na kueleza kwa Kiswahili fasaha kwa nini wameipaka au wameiacha. Atakayesema kwamba ameipaka kwa sababu inapendeza, aulizwe inampendeza nani, na aliyekuwa chini yake siku hiyo aliona nini alipotazama juu.